Mkono wa Mtunzi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umpelekee Baba, hata kama ataipokea kwa kukohoa kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Mafua yamekwisha. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni msafi, na mwenye nyumba haniulizi ninarudi saa ngapi. Vipi mguu wako? Na ile sare ya mtoto wa mwuza nyama uliyoikata fupi, uliinusuru?

Kazi niliyokuambia imeanza. Ni filamu juu ya yule mtunzi wa tamthilia tuliyekaririshwa shuleni mpaka tukamchoka, yule aliyekufa zamani na sanamu yake imejaa njiwa. Humu ndani bado kijana, ana nywele, na anampenda binti wa mchapaji ambaye ameposwa na mtu mwingine. Usiniulize kama ni kweli. Mwongozaji wetu, mama mfupi anayevaa koti la mvua hata ndani ya nyumba, anasema hakuna ajuaye Mtunzi alimpenda nani, na kwa kuwa hakuna ajuaye, yeye atabuni anavyotaka.

Mimi niko chumba cha mavazi. Tunashona nguo mpya, halafu tunazizeesha. Tunaziloweka kwenye chai kali, tunasugua viwiko kwa msasa, tunakata vifungo na kuvirudishia kwa uzi usiofanana, kana kwamba Mtunzi kajishonea mwenyewe usingizi ukimbana. Ungeona ninavyoiharibu mishono uliyonifundisha ungelia.

Sasa jambo lenyewe. Wataalamu waliochunguza miswada yake wamegundua kwamba wino umefutikafutika, kama unavyofutika mtu anapoburuta kiganja juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika. Mtunzi alikuwa mashoto. Mwongozaji aliposikia alifurahi sana, kisha akakumbuka kwamba Staa aliyemwajiri ni mtu wa kulia, na mkono wake wa kushoto huandika kama kuku anayetafuta punje. Wiki iliyopita aliingia chumbani kwetu nikiwa napiga chaki kwenye koti. Akasimama. Akaniambia, "Wewe, hebu andika jina lako." Nikaandika. Akaita watu.

Wanataka kila pahali ambapo Mtunzi anaonekana akiandika, uonekane mkono wangu. Mkono huu, Shangazi, ambao Baba aliufunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza kila jioni nikifanya kazi za shule, na wewe ukaniacha nishone nao kila nilipokuja kwako. Tafadhali usimwambie mtu kwanza. Ngoja nione kama nitaweza.

Mwanao,
Mashoto


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mguu unauma mvua ikinyesha, isiponyesha unauma pia, nimeuzoea. Ile sare niliiongezea pindo la rangi nyingine na mama mtu akadhani ndiyo mtindo mpya. Sasa wanakuja wengine wanataka pindo. Baba yako hajambo. Anatengeneza saa zake, anakula, analala. Tangu mama yako atutoke maneno yake kwa siku yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Uliniambia nisimwambie mtu. Mwanangu, wewe unanijua. Nimewaambia wachache tu: kinyozi, mwuza nyama, wanawake wawili waliokuja kupimwa, na yule mwuza mkaa kwa sababu alikuwa anapita. Walioambiwa na hao siwahesabu. Nimengoja siku nyingi mno, siwezi kunyamaza sasa. Miaka yote nilisema mkono wa huyu mtoto hauna ubaya, nikaambiwa nakuharibu. Leo mtu ambaye nchi nzima inamsujudia, kumbe naye mashoto.

Ila hayo mapenzi wameyatoa wapi? Sisi tulifundishwa kwamba alikuwa na mke, watoto tele na baridi yabisi. Haya, wabuni. Mradi huyo binti wa mchapaji ana adabu.

Baba yako nilimwambia pia, usinune. Nilikwenda dukani kwake, nikamwambia yote kwa sauti, wateja wapo. Alikuwa na saa wazi mbele yake na ile lenzi jichoni. Hakuinua kichwa. Alisema, "Unanizibia mwanga." Nikaondoka.

Sasa nataka kujua jambo moja. Filamu ikiisha, yale majina yanayopita, na lako litapita? Wataandika kwamba mkono ni wako? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekununia siku mbili, ya tatu nikacheka. Kumwambia mwuza mkaa kwa sababu alikuwa anapita. Niko salama, nimekonda kidogo, usihangaike, wenzangu wote wamekonda. Huku mavazi ya wanawake yana vifungo mgongoni kuanzia shingo mpaka kiunoni, na mwigizaji akitaka kwenda msalani kidogo tu tunakimbia watu wawili.

Nimeweza, Shangazi. Waliniandaa kwanza. Kucha zikakatwa na kupakwa masizi, wakanibandika vinyweleo mgongoni mwa kiganja kimoja kimoja, wakanivika mkono wa koti la Staa ambalo mimi mwenyewe nililishona. Mimi nimejikunja chini ya meza ubavuni mwake, kichwa changu kikiwa karibu kwapani mwake, mkono peke yake ndio uko juu. Ana manukato mengi, maskini, lakini hana ubaya. Huwa ananiuliza, "Tuko tayari, mkono?" Nami namjibu tuko tayari.

Kuandika kwa kalamu ya unyoya si mchezo. Ikikandamizwa inakwaruza, ikilegezwa inadondosha. Watu wa kulia wanaivuta, sisi tunaisukuma, na ukiisukuma inachimba karatasi. Hakuna aliyejua la kufanya. Nikageuza karatasi mshazari, karibu ilale ubavu, kama ulivyonifundisha kulaza kitambaa ili mkasi usinipinge. Mwongozaji akasema hivyo hivyo, kila mara.

Jumatatu tulipiga onyesho lenyewe. Binti wa mchapaji anaondoka na mume wake kwa gari la farasi, na Mtunzi hashuki kumuaga. Anaandika ukurasa wa mwisho wa mchezo. Watu wanasikia farasi nje na wanauona mkono tu. Mwongozaji aliinama akaniambia, "Usilie. Andika kama mtu anayekatazwa kuandika." Nikaandika. Ukumbi mzima ukawa kimya, hata wale wabeba taa ambao huwa wanatafuna karanga. Mwongozaji alipopaza sauti kwamba imetosha, fundi wa sauti alikuwa anajifuta macho na kudai ni vumbi. Nilikuwa nikimfikiria mtu fulani, ila sitakutajia.

Nilifurahi mno siku hiyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiutazama mkono wangu kama mtu aliyevaa pete mpya.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mwuza nyama kapata mjukuu. Mvua imeingia dukani kwangu ikalowesha kitambaa cha buluu, sasa kina mawimbi, nimekitangaza kuwa ndivyo kilivyo.

Niliyasoma ya unyoya na farasi kwa sauti, na waliokuwepo walinyamaza kama hao wabeba taa wako. Ila nilikuuliza swali na wewe umenijibu mambo mengine yote. Jina lako litakuwepo? Mtu akiulizwa swali akazunguka, ana sababu.

Watu hapa wanakwenda kwa baba yako kumpongeza. Wanamwambia, "Hongera, Mzee Saa, mkono wa binti yako unaingia kwenye filamu." Yeye anawajibu, "Saa yako itakuwa tayari Alhamisi." Mmoja hakuwa ameleta saa.

Nitakuambia neno juu yake, halafu usinilaumu kwamba namtetea. Mwalimu wenu alikuwa na rula, na mashoto wote walichapwa vidoleni mbele ya wenzao. Baba yako aliiona ile rula siku alipokwenda kukulipia vitabu. Alirudi amefura, akasema samaki mkunje angali mbichi, na jioni hiyo hiyo akatafuta kitambaa. Alidhani anakukinga. Mimi nilimwambia pale pale kwamba ni ujinga, na mpaka leo namwambia. Lakini alichagua kitambaa laini.

Jina, mwanangu. Nangoja.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Sikuumwa, na barua zako zote zilinifikia, hata ile ya mstari mmoja. Filamu imekwisha kupigwa, wanaikata na kuiunganisha. Mimi sasa nafunga mavazi kwenye masanduku na nondo wananipiga vita.

Nimekuwa nikianza barua hii na kuiacha. Acha niiandike haraka. Staa alihojiwa na gazeti kubwa. Akaulizwa aliwezaje kuandika kwa kushoto vile, maana wameona kipande wamekipenda. Akasema alijifunza kwa miezi, kila asubuhi kabla ya kula. Nadhani alianza kama utani, kisha akaona wanaandika. Gazeti likatoka, likasifiwa, na mtayarishaji akaniita. Hakunikaripia. Alinikalisha, akanipa chai, akasema jambo limeshatoka na maji yakimwagika hayazoleki. Wakanipa karatasi inayosema kwamba sitadai kwa mdomo wala kwa maandishi kwamba mkono ule ni wangu. Na filamu ijayo chumba chote cha mavazi kitakuwa chini yangu.

Nilitia saini, Shangazi. Kwa mkono wa kushoto, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyeona kichekesho.

Kile chumba cha mavazi nakitaka. Nimekitaka tangu nilipokuwa nakaa chini ya meza yako nikiokota pini. Kwa hiyo jina langu litapita, lakini kwenye mavazi, si kwenye mkono. Hata barua hii ni kosa. Nakuomba, na najua ninachokuomba: usiseme tena. Wakikuuliza, nyamaza. Neno likienda mbali likawarudia huku, nitapoteza vyote viwili.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nimesoma. Gazeti hilo lilifika hapa kabla ya barua yako. Kinyozi alilibandika ukutani kwake, na Staa amechorewa duara. Nilipopita aliniita mbele ya watu waliojaa sabuni mashavuni, akaniuliza mkono wa binti yetu umekwenda wapi. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu ya kutosha kuwanyoa wote. Lakini nilihisi kuna kitu, kwa kuwa ulikuwa umenyamaza mno, nikapita kama sikusikia. Sasa wananiita Mama Mkono. Mimi, ambaye nimewashonea sare wao na watoto wao na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mwongo.

Umeomba ninyamaze, nimenyamaza. Ila nitasema hili na sitalirudia. Mkono huo niliutetea miaka yote, na wewe umeutoa kwa kikombe cha chai. Chumba cha mavazi ni kizuri. Kitunze.

Baba yako hajasema kitu.

Shangazi yako


30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliibeba mfukoni mpaka ikachanika mikunjoni. Nilitaka kukujibu siku ile ile, nikaona nitakukosea adabu. Nimengoja. Adabu imerudi, hasira bado ipo, basi utanisamehe.

Sikuuza mkono wangu. Mkono ninao, ndio huu unaokuandikia. Nilichotoa ni sifa, na sifa niliyotoa ni ya kazi moja ili nipate kazi zote zinazofuata. Wewe ulinifundisha kwamba fundi anajulikana kwa mshono, na mshono hauna jina. Kama ulikuwa unanidanganya, sema.

Filamu ilionyeshwa rasmi wiki iliyopita. Watu wakubwa walijaa, na sisi wa mavazi tulikaa nyuma kabisa. Shangazi, ungeona makoti yangu. Ungeona zile kola zilivyosimama. Mtunzi aliposhuka ngazi na lile koti la chai na msasa, bibi mmoja mbele yetu alisema, "Hilo limevaliwa miaka." Nilitaka kumbusu. Kisha likaja onyesho la farasi. Mkono wangu ukajaa ukuta mzima, kila mshipa ukionekana, na watu wakalia. Wote. Mtayarishaji naye alilia, aliyenipa karatasi. Nilikaa gizani nikajivuna mpaka kifua kikauma, na sikuhitaji aliyejua. Mimi nilijua.

Nitakuambia nilikuwa nikimfikiria nani. Baba. Nilifikiria zile jioni, yeye upande wa pili wa meza na saa zake, mimi na kitambaa changu, na vile alivyokuwa akinitazama kila nilipokosea herufi kwa mkono wa kulia. Hakufurahi hata siku moja. Hilo ndilo nililoliandika.

Filamu itafika kwenu mwezi ujao au ule mwingine. Nenda ukaione. Vaa lile gauni lako la kijani. Keti katikati, uangalie, na usiseme neno. Watakaokuita Mama Mkono, na wakuite. Wana haki kuliko wanavyojua.

Mwanao


12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine, na nyingine tena. Niko mzima kuliko nilivyokuwa nikiwa msichana. Nisamehe maneno ya kikombe cha chai. Nilikuandikia nimeumia, na mtu akiumia hukata kitambaa bila kupima. Ya mshono sikukudanganya.

Sasa kaa chini.

Filamu ilifika Jumamosi. Waliionyesha alasiri kwenye ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mji mzima ulikuwepo. Nilivaa la kijani na nikaketi katikati kama ulivyoniagiza. Baba yako sikumwalika, maana nimechoka kuzungumza na ukuta. Lakini taa zilipozimwa nilimwona anaingia, kavaa koti lake la mazishi na harusi, akaketi kwenye kiti cha pembeni peke yake.

Filamu ni nzuri. Huyo binti wa mchapaji ana adabu ya kutosha, na pale anapopaka wino puani kwa bahati mbaya nilicheka sana. Nayaamini mapenzi yale. Shuleni walituficha. Makoti yako niliyatazama mshono kwa mshono, na kuna pindo moja nimelitambua kuwa ni langu. Basi likaja onyesho la farasi. Mkono ukatokea. Mwanangu, niliujua kabla haujashika kalamu. Nikashika mdomo wangu kwa mikono yote miwili.

Kinyozi alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama Mkono, ndio huo?" Ukumbi ukacheka, na mimi nikatazama mbele, machozi yananitoka, sikujua ni ya kicheko chao au ya mkono. Nilikuahidi. Sikugeuka.

Baba yako akasimama.

Watu wakamwambia, "Mzee, kaa, unatuzibia." Hakukaa. Akaunyooshea kidole ule ukuta na kusema, "Huo mkono ni wa binti yangu."

Kinyozi akasema, "Mzee Saa, gazeti limeandika ni wa huyo mwigizaji."

Unamjua baba yako, sauti yake haipandi. Akasema, "Gazeti halikuufunga. Mimi nimeufunga kila jioni, na kila jioni ulichomoka ukaandika. Nimeushika, nimeukunja, nimeupiga vita kwa miaka, na ukanishinda. Mtu anamjua aliyemshinda. Huo ni wa binti yangu."

Kisha akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Farasi wakaondoka, mkono ukaandika mpaka mwisho, na nilisikia watu wanapenga kamasi kila upande, kinyozi akiwemo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huu ulinitisha. Njiani nilimwambia, "Umemponza mtoto. Ametia saini karatasi asiseme." Akaniuliza, "Yeye ametia saini?" Nikasema ndiyo. Akatembea kidogo, akasema, "Mimi sijatia saini kitu."

Kwa hiyo ujue hivyo. Mimi ahadi yangu nimeitunza, mdomo wangu umefungwa kabisa. Yeye ndiye hanyamazi. Anayeleta saa anaambiwa, anayekuja kuchukua anaambiwa, na aliyekwisha kuambiwa anaelezwa upya ulivyogeuza karatasi. Gazeti la kinyozi limetolewa ukutani, sikuuliza na nani. Hayo hayatafika huko kwa mtayarishaji wako, na yakifika, mpeleke kwa baba yako akabishane naye.

Nilimwambia, badala ya kuwasumbua wateja, mwandikie mtoto mwenyewe. Akaketi hapa mezani kwangu na kalamu. Akaandika "Mwanangu", akasimamisha kalamu, akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akanirudishia akasema, "Andika wewe. Mwambie nimeuona. Mwambie ni mzuri."

Shangazi yako,
Mama Mkono